Sauti imevimba, inachoma, haina nyama: ukague wapi kabla hujailaumu ampu

Wateja wa pale Mwanga, Kigoma, wakileta sabufa kwa fundi wana maneno yao, "haina ladha", "imekufa", "imekuwa kavu", na ukiwauliza ladha ipi unakuta mmoja anamaanisha besi imepotea, mwingine inamchoma masikio, na mwingine kaskia tu ya jirani inapiga kwa nguvu kuliko yake kaumia roho. Wapenzi wa mziki wa Marekani na Uingereza nao ni hivo hivo, wana maneno kibao ya kuelezea ampu, ile amplifaya inayokuza sauti kwenda kwenye spika: ina joto, ina giza, ina hewa, ina matope. Mtu aliyeyasambaza sana ni J. Gordon Holt, yule aliyeanzisha jarida la Stereophile mwaka 1962, alitaka mtu aeleze anachoskia na sio kuangalia namba za vipimo peke yake. Wazo zuri tu. Ila mtu akishachukua neno "giza" akalifanya ndo jina la ugonjwa anakimbilia kununua ampu nyingine, wakati hiyo ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitano na ampu yenyewe mara nyingi ndo ya mwisho kwenye foleni.

Kwa hiyo twende dalili kwa dalili. Lakini kwanza fanya haya, na usiyaruke maana ndo yanaokoa hela.

Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, mi napenda rumba yenye sebene ndefu kwa sababu gita la solo liko juu, besi iko chini na mwimbaji yuko katikati, kila kitu kina mahali pake ukiharibika mmoja unajua. Afu kama unalinganisha ampu mbili hakikisha zinapiga kwa ukubwa uleule wa sauti. Sikio letu likipewa sauti mbili zinazofanana na moja ikazidi hata desibeli moja tu (kipimo cha ukubwa wa sauti), litaichagua iliyozidi, na wala halitakwambia imezidi, litakwambia "hii ni safi zaidi, ina uhai". Wauzaji wa dukani wanalijua hilo vizuri sana. Halafu hamisha waya: zima ampu, kwa upande wa ampu waya wa spika ya kushoto upeleke kulia na wa kulia kushoto, washa. Tatizo likihama likaenda spika nyingine basi linatoka kwenye ampu au kabla ya ampu, likibaki kwenye spika ileile basi ni spika au waya wake. Mwisho badilisha chanzo, kama ulikuwa unatumia blututhi chomeka waya, kama ni flashi jaribu simu. Badilisha kitu kimoja kimoja, ukibadilisha vitatu kwa pamoja na sauti ikapona hujui umeponya nini.

IMEVIMBA, INA MATOPE, MWIMBAJI KAMA YUKO NDANI YA NDOO

Mzee mmoja wa Ujiji aliniambia, "Mwanangu hii kitu imevimba tumbo, besi inazunguka nyumba nzima lakini maneno ya wimbo siyaskii." Nikamuuliza, "Mzee umeiweka wapi?" Akasema kwenye kona, nyuma ya kochi, chini. Basi dawa ilikuwa ni hiyohiyo kona.

Besi ukiiweka kona unaiongezea kuta mbili na sakafu, zote zinaisukuma irudi kwako. Na kila chumba kina noti yake kinachoipenda, urefu wa chumba ndo unaamua. Chumba cha mita 4 noti hiyo iko kwenye hezi 43 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ndogo ni besi, kubwa ni sauti kali), cha mita 3 iko kwenye 57, kwa hiyo besi ya wimbo ikigusa hapo inajaa ghafla na noti nyingine zinabaki kawaida. Jaribu hivi, simama umeegemea ukuta halafu tembea taratibu mpaka katikati ya chumba huku wimbo unapiga. Ukiskia besi inajaa ukutani na kupungua katikati hapo ampu haina kosa lolote, ni chumba. Vuta sabufa iache ukuta nusu mita au zaidi, itoe kona, spika zisikae juu ya kabati la mbao linalotikisika, na kama sebuleni ni sakafu ya marumaru na kuta tupu basi weka zulia na pazia nzito. Zulia halitashusha besi ya chini, tusidanganyane, ila litapunguza mwangwi wa maneno.

Kama sio kona angalia simu. Watu wanawasha ile ya kuongeza besi kwenye simu, wanaongeza tena kwenye sabufa, na redio nayo ina kitufe chake, besi imeongezwa mara tatu afu fundi analaumiwa. Weka zote katikati kwanza. Yale matope yenyewe hayakai chini kabisa, yanakaa kama hezi 200 mpaka 400, kwa hiyo kama una ekwalaiza punguza hapo kidogo kuliko kukimbilia kupandisha trebo, ukipandisha trebo unapata matope na ukali kwa pamoja.

Kuna na waya. Hii iko sana kwenye makanisa na kumbi za harusi, spika iko mita 20 kutoka kwenye ampu na mtu kanunua ule waya mwembamba wa bei rahisi wa milimita za mraba 0.75. Piga hesabu, waya unaenda na kurudi kwa hiyo ni mita 40 za shaba, unapata karibu omu 0.9 za ukinzani, yaani kizuizi cha umeme. Spika yako ya omu 4 inabaki na kama theluthi mbili za nguvu, hiyo nyingine unaikosa kwa sababu ya waya. Na sio nguvu tu, ampu inashindwa kuishika koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, isimame noti ikiisha, koni inaendelea kujitikisa yenyewe, ndo hapo watu wanasema besi imelegea, haina breki. Waya wa 2.5 unashusha ile 0.9 mpaka chini ya 0.3. Na hiyo ni kama waya ni shaba kweli, kuna waya sokoni zimepakwa rangi ya shaba juu ndani ni aluminiamu, kwangua kwa kisu kabla hujalipa.

HAINA NYAMA, NYEMBAMBA, KAVU

Hapa naanza na kitu kimoja tu na mara nyingi naishia hapohapo: nyaya za spika moja zimegeuzwa. Chanya imeingia hasi. Koni moja inasukuma mbele nyingine inavuta nyuma, besi zinakutana hewani zinauana. Mtu ataapa ampu imekufa besi. Na mwimbaji naye hakai katikati, anakuwa kama yuko kila mahali na hayuko popote. Kujua, sogeza spika mbili zitazamane karibu kabisa, piga wimbo, geuza nyaya za spika moja tu, upande ambao besi inakuwa kubwa ndo upande sahihi. Hutumii hata mita.

Kama nyaya ziko sawa basi uliza ni lini sauti inakuwa kavu. Ikiwa ni usiku watoto wamelala na umepunguza sauti chini kabisa, hakuna kilichoharibika, ni masikio. Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha hilo mwaka 1933, sauti ikiwa ndogo sikio la mtu linapoteza besi kwanza kuliko kitu kingine. Ndo maana redio za zamani zilikuwa na kitufe cha laudinesi, kile kilikuwa kinarudisha besi ukipiga kwa chini. Kibonyeze usiku, kizime mchana, hamna gharama.

Ila kama imekuwa kavu taratibu, miezi inaenda besi inapungua, na ni ampu ya zamani au ile ndogo ya volti 12, angalia kapasita kubwa, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, inayopeleka sauti kwenye spika. Ampu nyingi zenye umeme wa upande mmoja zinayo. Ya maikrofaradi 1000 na spika ya omu 4 inaanza kukata besi chini ya hezi 40, haina shida. Ikikauka ikabaki 100 inaanza kukata chini ya hezi 400! Hapo unaskia sauti ya simu. Kapasita ikivimba kichwa inajionyesha, lakini iliyokauka haivimbi, kwa hiyo usiiamini kwa macho, ipime au iwekee nyingine pembeni uskie tofauti. Sabufa zinazokaa karibu na joto la transfoma zinaumwa hii mapema.

Afu kuna ile ya mwimbaji kupotea kabisa, vyombo vinaskika na mwangwi, sauti ya mtu imeondoka. Wateja wanasema "imekuwa kareoke". Hii ni jeki. Waya wa ardhi wa pini, ule wa pamoja wa kushoto na kulia, umekatika au pini haijaingia mpaka mwisho kwa sababu simu ina kava nene. Kushoto na kulia vinatoana, na mwimbaji kwa kuwa karekodiwa sawa pande zote mbili anafutika. Vua kava ya simu, sukuma pini. Isipopona badilisha waya wa jeki, ni hela ndogo.

INACHOMA, KALI, INAKATA MASIKIO

Swali la kwanza, inachoma ukiwa umefungulia au hata kwa sauti ndogo? Hilo swali linagawa kazi nusu kwa nusu.

Ikichoma ukifungulia tu, ampu imeishiwa. Mawimbi ya sauti yanatakiwa kuwa ya mviringo, ampu ikiishiwa volti inayakata vichwa yanakuwa bapa, na ule ukataji unatengeneza sauti za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, zote zinaenda kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kwanza masikio yanauma, baadae twita inaungua. Ndo maana mtu mwenye ampu ndogo anaunguza twita nyingi kuliko mwenye ampu kubwa, ajabu lakini ndo ilivyo.

Sasa mtu anakwambia haiwezekani kuishiwa, hapa pameandikwa PMPO wati 8000, ile namba kubwa ya nguvu wanayobandika kwenye boksi. Jamani. Hiyo namba haina kiwango cha kuipima, kila kiwanda kinaandika kinavojiskia. Geuza nyuma uangalie fyuzi, kama ni ya ampea 1 kwa volti 230 basi ampu yote na taa zake na blututhi yake haiwezi kuvuta zaidi ya wati 230 muda mrefu, na nyingine inaishia kuwa joto. Zile za betri ndo usiseme. Volti 12, spika ya omu 4, ampu ya kawaida hesabu inakupa wati 4.5, ukiiunga kwa mtindo wa daraja, yaani ampu mbili zikisukuma spika moja kutoka pande zote mbili, inafika 18, na hapo bado hujatoa inayopotea kwenye transista. Hakuna stika itakayobadilisha hiyo hesabu mpaka kuwe na kibadilishaji cha kupandisha volti ndani, kama zile ampu nzuri za gari.

Na kuna jambo la umeme wetu. Kigoma tumeishi miaka na miaka kwa majenereta kabla ya gridi ya taifa kutufikia, lakini hata sasa ukiwa mwisho wa laini ya umeme, mbali na transfoma ya mtaa, jioni watu wakiwasha pasi na majiko volti zinashuka. Ampu yenye transfoma ya chuma inashuka nazo. Kutoka 230 kwenda 170 uwezo wake unabaki kama nusu tu, kwa hiyo volyumu ileile iliyokuwa tamu saa nane mchana inachoma saa mbili usiku. Mtu anadhani ampu inachoka jioni kama binadamu. Pima umeme kwenye soketi jioni huku mziki unapiga kabla hujafungua skrubu hata moja.

Ikichoma hata kwa sauti ndogo hapo acha ampu, nenda kwenye twita. Angalia kapasita iliyoko mgongoni kwake. Twita ya omu 8 yenye kapasita ya maikrofaradi 2.2 inaanza kazi kwenye hezi 9000, fundi mmoja akiweka ya 10 kwa kuwa ndo aliyokuwa nayo inaanza kwenye 2000, inabebeshwa sauti za watu ambazo haikuumbiwa, inapiga kelele. Kama ukali uko kwenye "s" na "sh" tu za mhubiri au mwimbaji, punguza ekwalaiza kati ya hezi 5000 na 8000. Na kama matoazi yanaskika kama maji yanachemka, yaani yana ubububu fulani, huo ni wimbo wenyewe umebanwa sana, umetumwa simu hadi simu na kupunguzwa kila kituo. Weka wimbo mwingine mzuri kwenye flashi ileile, utajua.

INA MCHANGA, INAKWARUZA

Hii ni kinyume cha hiyo ya juu na inawachanganya hata mafundi. Ukiskia mkwaruzo kwa sauti ndogo halafu ukifungulia unapotea, ni transista za mwisho haziko kwenye mkondo wake wa kupumzika. Moja inazima kabla mwenzake hajawaka, kuna pengo katikati. Kwenye sauti kubwa pengo halionekani, kwenye sauti ndogo linakuwa sehemu kubwa ya wimbo. Inatokea sana baada ya matengenezo, mtu kabadilisha transista za mwisho, zile za namba 5200 na 1943, akafunga boksi bila kuweka sawa bayasi, yaani huo mkondo wa kupumzika. Lakini usiizungushe ile trima (kiskrubu cha kurekebisha bayasi) kwa kubahatisha, ukizidisha transista zinachemka, zikichemka zinavuta zaidi, zikivuta zaidi zinachemka zaidi, mpaka moshi. Na 5200 feki zimejaa, zina mwili mkubwa ndani kipande kidogo cha silikoni, hizo hata uweke bayasi ya malaika zitakufa.

Mkwaruzo unaofuata koni ni mwingine. Zima, sukuma koni kwa vidole vya pande zote mbili sawasawa, taratibu. Ukihisi kama karatasi inasugua, koili imepinda au uchafu umeingia. Mkwaruzo unaotokea ukigusa nobu ya volyumu tu ni vumbi kwenye nobu, pulizia dawa, zungusha, endelea na maisha.

INAVUMA

Punguza volyumu mpaka sifuri. Mvumo ukibaki vilevile uko ndani, baada ya volyumu. Ukipungua nao uko kwenye waya wa kuingiza au chanzo. Umeme wetu ni hezi 50, mvumo mzito wa "mmmm" ni hezi 50 na mara nyingi ni ardhi mbili zinazogombana, miksa iko soketi hii na ampu iko soketi ile, wachomeke sehemu moja. Mvumo wenye miiba, "nnzzz", ni hezi 100 na hapo kapasita kubwa za umeme zimechoka. Ukiwa kwenye sola na invata ya bei rahisi ambayo wimbi lake lina ngazi, utapata "nnzzz" kwenye ampu nzima kabisa, kwa hiyo jaribu kwenye umeme wa kawaida kwanza. Kitu kimoja usifanye: kukata ule mguu wa ardhi wa plagi ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na siku ampu ikivuja umeme kwenye bodi yake ya chuma mshika maiki ndo anakuwa ardhi.

Ule "shshsh" wa mbali ni wa kawaida kidogo, ukizidi pandisha sauti ya simu karibu na mwisho na ushushe ampu, wengi wanafanya kinyume.

INA JOTO, INA BARIDI, HAINA ROHO

Hapa ndo kuna maneno mengi na hela nyingi. Ampu za valvu, zile za zamani zenye chupa za kioo badala ya transista, wanasema zina joto, na sio uongo mtupu, valvu nyingi zinaongeza harmoniki ya pili, yaani sauti ya mara mbili ya noti yenyewe, ambayo sikio linaipokea vizuri, na nguvu yao ya kuishika spika ni ndogo kwa hiyo sauti inabadilika kufuata spika iliyoungwa. Hiyo inapimika. Mwaka 1985 Bob Carver aliwaambia wale wa Stereophile anaweza kuifanya ampu yake ya transista isikike kama ampu ya gharama waliyoichagua wao, akakaa anazilinganisha zote mbili kwa spika ileile mpaka tofauti iliyobaki ikawa ndogo mno, na wasikilizaji wao wakashindwa kuzitenganisha. Mi nasimama hapo: ampu mbili nzima, hazijazidiwa, sauti zimelinganishwa, spika moja, ukifumbwa macho tofauti utakayoiskia ni ndogo sana au haipo. Kwa hiyo mtu wa Gungu mwenye laki tatu anayetafuta "joto", namwambia nunua spika nzuri, ampu uliyonayo inatosha. Wapo wanaonikasirikia kwa hilo.

Kuna dalili moja tu ambayo haina mjadala wala kusikiliza wimbo. Ukiwasha spika inatoa "dupu" kubwa, koni inatoka mbele au inaingia ndani na kubaki hukohuko hairudi, hata kama mziki unaendelea kuskika. Hapo umeme wa moja kwa moja (DC) unaingia kwenye spika. Zima, toa spika, weka mita kwenye DC pale pa kufungia nyaya za spika: makumi machache ya milivolti sio neno, volti kamili ni transista imepiga shoti. Usiirudishie spika kujaribu "labda imepona", na kama unaifungua mwenyewe iunge kwanza mfululizo na balbu ya wati 60 ya zamani, ile ya waya, ikiwaka kwa nguvu na kubaki inawaka shoti bado ipo, na kapasita kubwa zinabaki na umeme hata ukishachomoa plagi kwa hiyo vidole viwe mbali mpaka uzipime.